Fundi Anayeutazama Moyo Ukiundwa

Moyo wa kuku huanza kupiga kuku mwenyewe akiwa hajapata jicho la kuonea wala mguu wa kusimamia. Yai likipata joto la nyuzi 38 kwa saa 36 hivi, juu ya kiini chake hulala kiumbe chembamba chenye urefu wa milimita 5 au 6, na pale patakapokuja kuwa kifua pana mrija unaobana na kuachia. Damu bado haijaanza kuzunguka, kwa hiyo mrija huo hausukumi chochote. Unabana, unaachia, unabana tena. Umeanza kazi kabla kazi yenyewe haijawapo.

Insha hii ni ya kumsifu mtu anayeketi mbele ya hadubini na kuutazama mrija huo. Namzungumzia mwanabiolojia wa molekuli anayechunguza jinsi moyo unavyojengwa ndani ya kiinitete, na jinsi ujenzi huo unavyokwenda kombo hata mtoto akazaliwa na moyo wenye kasoro. Mtu huyu hatibu wagonjwa. Hashiki kisu cha upasuaji, na jina lake halitajwi mtoto anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Tunamsifu daktari aliyeziba tundu, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini wahenga walituonya tusione vyaelea, vimeundwa, na kati ya vyote vilivyoundwa sijui kilichoundwa kwa hatua nyingi na kwa muda mfupi kuliko moyo. Fundi ninayemsifu ndiye anayezisoma hatua hizo moja baada ya nyingine, na kutuambia ni katika hatua ipi mtoto huyu alipopoteza ukuta, na yule vali.

Naandika nikiwa Bigwa, Morogoro, nchini Tanzania, mguuni mwa milima ya Uluguru, pale inapoanzia barabara ya kwenda Matombo na Kisaki. Huku kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Jina la ukoo hutoka kwa mama, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito katika malezi na katika ndoa. Ni heshima kubwa kwa mwanamke. Lakini heshima hiyo ina upande wake mchungu, maana mtoto akizaliwa na dosari, maswali nayo hufuata njia ileile ya ukoo. Mama alikula nini? Alipita wapi usiku? Ni mwiko gani uliovunjwa, na nani katika ukoo aliyeuvunja? Mtoto ananyonya kidogo anaacha, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso, uzito hauongezeki. Mwingine ulimi na fizi vinageuka rangi ya zambarau kila anapolia. Mwingine amefika umri wa kucheza, lakini akikimbia hatua chache huchuchumaa, magoti kifuani, mpaka pumzi imrudie. Wakati wote huo mama anajibu maswali.

Watoto hawa si wachache. Duniani kote, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hadi 10 huwa na kasoro ya moyo, ndogo au kubwa. Katika nchi kama yetu, ambako watoto takribani milioni 2 huzaliwa kila mwaka, hesabu hiyo inatupa watoto kama 16,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Baadhi ya matundu hujifunga yenyewe. Mengine hayajifungi. Kwa kila mtoto kati ya hao kuna mama, na kwa kila mama kuna watu wanaotaka kujua alifanya nini. Swali la chanzo, kwa hiyo, si anasa ya wasomi. Linaulizwa kila siku vibarazani na kwenye foleni za kliniki, na kwa kuwa wajuzi wamekuwa kimya, wasiojua wamelijibu.

Tulifuate basi jibu la fundi wetu.

Moyo wa binadamu huanza katika wiki ya tatu tangu mimba itungwe. Seli za upande wa kulia na za upande wa kushoto wa kiinitete husogeleana, hukutana katikati na kutengeneza mrija mmoja. Karibu na siku ya 22 mrija huo huanza kupiga. Kisha hujikunja kuelekea kulia, na mkunjo huo ndio unaoamua chumba kipi kitakaa wapi. Baada ya hapo huja kazi ya kujenga kuta. Ukuta mmoja hushuka kutoka juu kutenganisha vyumba viwili vya kupokea damu. Mwingine hupanda kutoka chini kutenganisha vyumba viwili vya kusukuma. Katikati hukutana vivimbe laini ambavyo baadaye huchongwa kuwa vali. Kufikia mwisho wa wiki ya nane, moyo wenye vyumba vinne umekamilika katika kiumbe kisichozidi sentimita 3 hivi.

Hata ukamilifu huo una matundu yaliyokusudiwa. Mtoto aliye tumboni hapumui, kwa hiyo damu haina haja ya kwenda yote mapafuni. Ukuta wa juu huachiwa mlango mdogo wa kuipitisha damu kutoka kulia kwenda kushoto, na nje ya moyo kuna mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Mtoto anapolia kwa mara ya kwanza na mapafu kujaa hewa, mgandamizo wa damu hubadilika, mlango husukumwa ukajifunga, na mshipa ule hunywea katika siku za mwanzo za maisha. Mlango usipofunga sawasawa, au mshipa usiponywea, tunapata aina mbili za ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao ambazo kila kliniki ya watoto inazifahamu.

Sehemu inayonishangaza zaidi ni njia ya kutokea. Moyo mchanga una mshipa mmoja tu wa kutolea damu. Mshipa huo sharti ugawanyike uwe miwili, aota ya kwenda mwilini na ateri ya kwenda mapafuni, na mgawanyiko wenyewe haunyooki. Ukuta unaoigawa hujizungusha kadiri unavyoteremka, hata mishipa miwili ikawa imesokotana kama nyuzi za mkonge kwenye kamba. Ukuta usipojengwa kabisa, mtoto huzaliwa na shina moja la damu linalochanganya damu safi na chafu. Ukijengwa bila kujizungusha, aota hutoka chumba kisicho chake na ateri ya mapafu vivyo hivyo, na damu iliyosafishwa hurudishwa mapafuni ilikotoka. Ukiegemea upande mmoja, njia ya kwenda mapafuni hubanwa na tundu hubaki chini yake. Huo ndio ugonjwa wenye sura nne ambao daktari Fallot wa Marseille aliueleza mwaka 1888, na ambao watoto wake ndio wale wanaochuchumaa uwanjani.

Yamejulikanaje haya yote? Hapa ndipo inapoanzia sifa ya mikono.

Fundi huchukua yai lililorutubishwa na kulilaza ubavu, maana kiinitete huelea juu ya kiini cha yai, na yai likilala hivyo mtu anajua kiko upande gani. Kwa sindano hufyonza ute kidogo ili kiinitete kishuke na kuachana na ganda. Kisha hukata dirisha kwenye ganda kwa mkasi mdogo. Kiinitete cha siku ya kwanza na ya pili karibu hakionekani, kwa hiyo huingiza wino mweusi uliozimuliwa chini yake, na ghafla umbo lote hujitokeza: kichwa, mgongo, vipande vya mwili vilivyojipanga jozi jozi pande mbili za uti. Anafanya anachotaka kufanya kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Anaziba dirisha kwa utepe wa gundi, analirudisha yai kwenye mashine ya kutotolesha, na anasubiri. Ute ukikauka, kiumbe kimekufa. Uchafu ukiingia, kiumbe kimekufa. Mkono ukitetemeka, kiumbe kimekufa. Anayeweza haya ana subira, na ana adabu mbele ya kitu kilicho hai.

Nicole Le Douarin, mwanasayansi wa Ufaransa, alikuwa na mikono hiyo, na juu ya mikono alikuwa na jicho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alitambua kwamba seli za kware wa Japani zina alama ya kuzaliwa nayo: zikitiwa rangi, ndani ya kiini cha kila seli huonekana doa zito ambalo seli za kuku hazina. Wengine wangeiona alama hiyo na kupita. Le Douarin akakata kipande kidogo cha kiinitete cha kware, akakipandikiza mahali palepale katika kiinitete cha kuku, akaacha kiumbe kikue. Seli za kware zilipohama, zilihama na alama yake, na yeye akazifuata kila zilipokwenda. Kwa njia hiyo dunia ilijifunza safari za seli za ukingo wa neva, ambazo huzaliwa mgongoni mwa kiinitete, zikaachana na kwao, zikasafiri hadi usoni, kwenye ngozi, kwenye utumbo na kwenye moyo.

Ni hapo kwenye moyo alipoingia Margaret Kirby, aliyekuwa akifanya kazi Augusta, Georgia, nchini Marekani. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kazi inayoelezeka kwa sentensi moja, ingawa kuitenda ni kazi ya miaka. Walichukua viinitete vya kuku, wakaondoa kipande kidogo cha ukingo wa neva nyuma kidogo ya mahali sikio linapoota, wakaziba yai na kungoja. Moyo wenyewe hawakuugusa. Hata hivyo viinitete vilipokua vilikutwa na shina moja la damu mahali palipopaswa kuwa na mishipa miwili. Ukuta wa njia ya kutokea haukujengwa, kwa sababu seli zilizotakiwa kuujenga zilitoka mbali, shingoni, na safari hii hazikufika.

Tuyatafakari matokeo hayo kwa dakika moja. Kabla yake, aliyeona moyo mbovu alitafuta ubovu moyoni. Kirby alionyesha kwamba moyo unaweza kuharibika kwa sababu ya seli ambazo hazikuzaliwa moyoni, na kwamba kasoro huweza kuwa ni mjenzi aliyekosekana kazini. Ndipo ilipoeleweka kwa nini watoto wengine wenye kasoro ya njia ya kutokea wana pia kaakaa lenye ufa, kinga dhaifu ya mwili, na tezi za shingoni zisizodhibiti kalsiamu. Viungo hivyo vyote hutegemea seli za eneo moja. Watoto hao, kama ilivyojulikana baadaye, wengi hukosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, na mwaka 2001 jeni iitwayo TBX1 ilitambuliwa kuwa ndiyo mhusika mkuu ndani ya kipande hicho.

Mwaka huohuo wa 2001 lilitokea jambo linaloonyesha sifa ya pili ya ufundi huu, yaani heshima kwa kisichotarajiwa. Robert Kelly, akifanya kazi na Margaret Buckingham wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris na Nigel Brown wa London, alikuwa na panya wa maabara waliotiwa jeni ya kutoa rangi ya buluu. Ilikusudiwa rangi ionekane kwenye misuli ya moyo. Katika kizazi kimoja cha panya hao, buluu ilionekana kwenye chumba cha kulia na njia ya kutokea, lakini ikaonekana pia nje ya moyo, kwenye tishu za koromeo. Jeni ile ilikuwa imeangukia jirani na jeni nyingine iitwayo Fgf10 na kuanza kutii amri zake. Mtu mwenye haraka angewatupa panya hao kuwa wameharibika. Kelly na wenzake waliuliza buluu ile inafanya nini pale nje, na jibu likabadilisha vitabu vya kufundishia: mrija wa kwanza wa moyo hauna kila kitu kitakachohitajika. Nyuma yake kuna shamba la pili la seli, na seli hizo huingia moyoni kidogo kidogo kwenye ncha za mrija, zikijenga chumba cha kulia na njia ya kutokea. Vikundi viwili nchini Marekani, kimoja kikiwa cha Kirby mwenyewe, vilifikia jambo hilohilo mwaka uleule kwa kutumia kuku. Kirby alirudi kwenye mayai yake na kuona kwamba seli za ukingo wa neva zisipofika, hata zile za shamba la pili haziingii sawasawa, na mrija hubaki mfupi. Miaka karibu 20 baada ya ugunduzi uliompa jina, alikuwa bado anausahihisha. Huo ni uaminifu unaostahili kusifiwa kwa sauti.

Chini ya seli kuna molekuli, na hapa fundi wetu anashuka ngazi nyingine. Seli itajuaje kwamba ni ya moyo? Itajuaje kwamba ni ya kushoto? Ndani yake kuna jeni zinazowasha na kuzima jeni nyingine. Moja iligunduliwa kwanza kwa wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu na maembe. Mwaka 1993 Rolf Bodmer alionyesha kwamba inzi asiye na jeni hiyo haumbi moyo kabisa. Mwaka 1995 jeni ya aina hiyo ilichunguzwa kwa panya: panya wasiokuwa nayo walianza mrija wa moyo, lakini mrija ukashindwa kujikunja, nao wakafia tumboni. Mwaka 1998 kundi la Christine na Jonathan Seidman wa Harvard lilisoma DNA ya familia ambazo vizazi kwa vizazi watu wake walizaliwa na tundu kati ya vyumba vya juu na umeme wa moyo uliodhoofika kadiri umri ulivyosonga. Waliikuta jeni ileile, kwa binadamu ikiitwa NKX2-5, imepata hitilafu. Kutoka kwa inzi juu ya ndizi hadi kwa mtoto mikononi mwa mama yake, miaka 5 tu. Asiyeona faida ya kumchunguza inzi na aufikirie mnyororo huo.

Jeni nyingine, TBX5, inatusogeza karibu zaidi na milima yetu. Mwaka 1960 madaktari Mary Holt na Samuel Oram wa London walieleza juu ya familia ambayo watu wake walikuwa na tundu la moyo pamoja na dole gumba lenye kasoro. Mwaka 1997 ikajulikana kwamba hitilafu ya TBX5 ndiyo inayofunga mkono na moyo katika shauri moja. Lakini jeni hii ina habari kubwa zaidi. Chura ana vyumba viwili vya kupokea damu na kimoja tu cha kusukuma. Mjusi naye ukuta wake wa chini haujakamilika. Kobe ameanza ukuta. Ndege na mamalia wana ukuta kamili. Mwaka 2009 kundi la Benoit Bruneau wa San Francisco lilitazama mioyo inayoumbwa ya wanyama hawa wa ngazi mbalimbali. Kwa chura na mjusi, TBX5 imeenea chumba chote cha kusukuma kwa kiwango kimoja. Kwa kobe huanza kuelemea kushoto baadaye. Kwa kuku na panya imejaa kushoto na kupungua ghafla kuelekea kulia, na pale inapopungukia ndipo ukuta unaposimama. Walipowafanya panya wawe na TBX5 kwa kiwango kimoja kote, ukuta haukusimama. Mpaka wa kemikali hutangulia mpaka wa nyama.

Katika misitu ya Uluguru iliyo juu yetu wanaishi vyura wadogo wa jenasi Nectophrynoides, ambao ni miongoni mwa vyura wachache sana duniani wanaozaa. Mjerumani Gustav Tornier aliwatangaza kwa wanasayansi mwaka 1905, wakati nchi hii ikiwa koloni la Kijerumani. Mayai yao hayatagwi majini. Hukaa ndani ya mama mpaka watoto watoke wakiwa vyura kamili, wadogo mno. Wanaishi kwa moyo wenye chumba kimoja cha kusukuma, nao unawatosha. Nikiwafikiria vyura hao, pamoja na mijusi wa ukutani na kuku wa uani, naona ngazi yote ya ujenzi wa moyo ikiwa hapa Bigwa, ikingoja mwenye hadubini. Muundo ambao kwa mtoto wetu ni ugonjwa, kwa chura ni afya, na maarifa ya tofauti hiyo ndiyo yanayotuonyesha ukuta wetu ulivyo wa gharama na jinsi unavyoweza kukosewa kirahisi.

Mtu atauliza: haya yamemsaidia nani? Yamewasaidia wanaotibu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza nchini mwaka 2008 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako watoto waliokuwa wakipelekwa India na kwingineko sasa wanafanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Daktari anayejua kwamba njia ya kutokea hutegemea seli zilezile ambazo tezi za shingoni huzitegemea atapima kalsiamu ya mtoto kabla hajamfungua kifua, na ataangalia kinga yake kabla ya kumwongezea damu. Anayejua habari ya NKX2-5 hataishia kwa mtoto mmoja. Atawaita ndugu zake, kwa sababu umeme wa moyo unaweza kudhoofika kwa mtu asiye na dalili yoyote, na kifaa cha kusaidia mapigo kikiwekwa kwa wakati huokoa uhai.

Yamesaidia pia kuzuia. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wenye mtoto wa jicho ambao mama zao waliugua rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba, na wengi wao walikuwa na moyo wenye kasoro. Ugonjwa ambao kwa mama ni vipele vya siku chache, kwa kiinitete ni janga, kwa sababu unakikuta kikijenga. Tanzania iliingiza chanjo ya rubela pamoja na ile ya surua mwaka 2014. Kila msichana aliyechanjwa amelindwa yeye, na amelindwa pia moyo ambao bado haujatungwa. Vivyo hivyo kisukari: mwanamke aliyekuwa nacho kabla ya mimba akikidhibiti mapema hupunguza hatari kwa mtoto, na kudhibiti baada ya miezi mitatu ni kuchelewa, maana moyo umeshamaliza kujengwa.

Sitaki kumsifu fundi huyu kwa ambacho hajakifanya. Kwa watoto wengi wenye kasoro ya moyo, chanzo kimoja hakionekani. Jeni nyingi zinachangia kidogo kidogo, mazingira yanachangia, na wakati mwingine seli hazikufika kwa wakati bila sababu inayoweza kunyooshewa kidole. Kutoka ugunduzi wa maabara hadi dawa au kipimo ni safari ndefu, na bado hakuna anayeweza kuuingia mrija wa siku ya 22 na kuurekebisha. Mwanabiolojia mkweli husema hivyo mwenyewe. Lakini hata penye mpaka wa maarifa yake, ametupa kitu ambacho hakuna aliyewahi kutupa: saa.

Mwanamke anayechelewa kuona siku zake kwa wiki moja tu, pengine akidhani ni uchovu wa kulima, moyo ulio ndani yake unakaribia kuanza kupiga. Wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au zaidi. Kufikia hapo kila ukuta umesimama au umekosa kusimama. Chakula cha mwezi wa tano, ugomvi wa mwezi wa sita, njia aliyopita usiku wa mwezi wa saba, vyote vimefika baada ya kazi kwisha. Haya ni matokeo ya hesabu iliyofanywa kwa uangalifu, yai baada ya yai, na yanamwondolea mama shtaka aliloandikiwa na watu wasioijua kalenda ya kiinitete. Kwangu mimi hapo ndipo thamani kuu ya kazi hii ilipo. Upasuaji unamtibu mtoto. Maarifa ya kiinitete yanamtibu mama jeraha ambalo hakuna anayelishona.

Ningependa kazi hii ifanywe pia hapa Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko ng'ambo ya mji tangu mwaka 1984, kina wataalamu wa mifugo wanaowajua kuku ndani na nje, na ni mjini humuhumu panya buku walikofundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, jambo ambalo dunia ilikuja kujifunza kwetu. Yai halina gharama kubwa. Mashine ya kutotolesha, wafugaji wa Bigwa wanayo. Hadubini ya kutazamia kiinitete ni ya chini ya bei ya pikipiki nyingi zinazopita barabarani. Msichana wa sekondari akioneshwa dirisha kwenye ganda na mrija unaobana na kuachia, atauliza maswali ambayo mwalimu hawezi kuyajibu, na hapo mwanasayansi amezaliwa.

Lakini hata kabla ya maabara hiyo, maarifa yaliyopo yanatosha kubadilisha jambo moja wiki hii. Mkunga, muuguzi wa kliniki na mhudumu wa afya wa kijiji wanaweza kuyajua haya yote kwa saa moja ya kufundishwa. Wakiyajua, watamsikiliza mtoto anayehema wakati wa kunyonya, watamtazama ulimi, na watamwandikia rufaa ya kupimwa moyo siku hiyohiyo badala ya kumpa dawa ya kikohozi kwa mara ya tatu. Na mama atakapoketi na mjomba wake mbele ya ukoo, kutakuwa na mtu wa kusimama na kusema: moyo huu ulianza kujengwa kabla yeye hajajua kwamba ana mimba, hakuna mwiko uliovunjwa, na kile ambacho ukoo unadaiwa leo ni nauli ya kwenda Dar es Salaam.